Nani Amelaza Nyasi

Mwanangu Kosmas,

Sikuulizi hali, maana jana asubuhi nilikuona kwa macho yangu ukimaliza uji na kufuta bakuli kwa kidole kama mtoto. Wala sikuelezi hali yangu, maana jioni ya leo mkirudi kutoka Matiri kuwaaga wakwe zako mtanikuta hapa hapa jikoni, na utaniona mwenyewe. Naandika kwa sababu mdomo umenishinda. Kila nikianza kusema, unanikata kauli: "Mama, hilo tulishalimaliza." Mbele ya mkeo siwezi kukukaripia. Wewe ni mtu mzima, mvi zimeanza juu ya masikio, na mlima mzima unakuita Dresa, mfunga vidonda wao. Mtu wa namna hiyo hakaripiwi na mama yake watu wakisikia. Basi nitakukaripia humu, kwenye karatasi, na wewe utasoma kimya kimya kama unavyosoma majina ya dawa.

Jambo lenyewe ni moja tu: usimwache mkeo Melania hapa.

Haya, umeshakunja uso. Ukunjue usome mpaka mwisho. Nitakupa barua hii ukifika tu, kabla wageni wa kukuaga hawajajaa uani, nawe uisome kabla hujalala, kwa sababu asubuhi lori la kwenda Mbamba Bay halitamngoja mtu anayefikiri.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala uvae kitu kizito, wala uende kanisani. Maji ya kuchemsha wewe ndiye uliyetutesa nayo kijiji kizima. Mambo hayo unayajua kuliko mimi. Nitakuambia yale niliyoyajua kwa kuumia, maana hayo hakuna aliyekufundisha kule misheni.

Najua jinsi pasi hii ya kusafiria ilivyokutoa jasho. Nilikuwepo. Mara ya kwanza ulikwenda Songea ukarudishwa kwa kukosa barua ya jumbe. Ukamwendea jumbe, naye akakuweka barazani kwake tangu umande mpaka jua kali, halafu akaandika jina la marehemu babu yako badala ya lako, ukarudishwa tena. Ati babu anaomba kwenda kufanya kazi ya hospitali kwenye migodi ya shaba Rodesia! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, wewe ukakasirika. Halafu picha. Ulivaa koti la katekista, ukafumba macho, na mpiga picha akasema ni picha nzuri, uichukue hivyo hivyo. Na Padre naye akakununia majuma mazima, kwa sababu dresa aliyefunga vidonda vya watu kwa miaka yote hii haokotwi njiani. Ulikonda. Nilikuona usiku unageuka geuka, na nikasema moyoni, mwanangu anataka kitu hiki kwa kweli, si kwa kuigiza wenzake.

Mwisho ukarudi na pasi. Ukakaa hapa kwenye kigoda, ukanyoosha miguu, ukatusimulia kwa furaha: karani wa Boma amekuuliza kama unaondoka na mke, maana nafasi ya kumwandika ipo hapo hapo chini ya jina lako, na mtoto wa mgongoni haulizwi kitu. Na hata kama hayuko tayari siku hiyo, akasema, bwana anayekagua pasi Mbamba Bay siku ya meli anaweza kumwongeza, mradi mje na cheti cha ndoa na awe na alama ya kuchanjwa ndui.

"Nikamwambia hapana," ukasema. "Melania atabaki na Mama."

Ulisema hivyo ukanitazama kana kwamba umeniletea kitenge. Mimi nikainama nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Na Melania je? Wewe hukumtazama. Mimi nilimtazama. Alisema, "Sawa," akaendelea kuchambua maharage kwenye ungo. Lakini mwanangu, alikuwa anatupa mazima na kubakiza mabovu. Kuku walikula vizuri siku ile.

Sasa nisikilize nikuambie habari ya baba yako, si ile unayoijua.

Nilipoletwa hapa mlimani nilikuwa binti wa ziwani, kutoka upande wa Chiwanda. Kwetu nilikuwa mtu. Nilijua kuanika dagaa wetu wa usipa wasishike mchanga, nilijua kumpasua samaki mbasa kwa kisu kimoja, nilijua kupanda mihogo kwenye matuta, na nilikuwa nasoma sala kwenye kanisa letu la Kiingereza mbele ya watu wazima. Nilipopanda huku kuolewa na Mkatoliki wa Kimatengo, siku moja tu nikawa si kitu. Sikujua lugha yenu. Sikujua baridi. Na sikujua ngoro.

Wewe ngoro umezaliwa nazo, huzioni tena. Kwangu zilikuwa ajabu. Mwanamume anakata nyasi ndefu mteremkoni, anaziacha zikauke, halafu anazilaza mistari inayoshuka na mingine inayokatiza, mpaka mlima wote unakuwa vyumba vyumba. Ndipo mwanamke anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila chumba na kufunika zile nyasi kwa udongo. Maharage yanakaa juu ya kingo, shimo linabaki katikati kumeza mvua. Mwanamume halimi pale, mwanamke halazi nyasi. Nikauliza kwa nini, wakanicheka tu.

Ulikuwa mgongoni mwangu, hujaota meno, baba yako alipochukuliwa na habari za Joni, migodi ya dhahabu huko kusini. Wenzake walikuwa wamerudi na mablanketi na viatu. Akasema, misimu miwili tu ya maharage, halafu narudi. Na wakati ule, Kosmas, kulikuwa na wake waliofuatana na waume zao, wakapita Nyasaland kwa miguu. Wachache, lakini walikuwepo. Mimi nikasema nabaki na mama mkwe, kwa sababu mguu wake ulikuwa mbaya. Lo, nilivyosifiwa! Kanisani wananitaja. Kisimani wananipisha. Kwa mara ya kwanza tangu nije mlimani nilikuwa mtu tena. Sifa zile zilinivimbisha kichwa, nikazishika kwa mikono miwili, na mume wangu akaenda zake.

Mwaka wa kwanza baba yako mdogo alinilazia nyasi, kama ilivyo desturi. Mwaka wa pili mkewe akaanza kuuliza ni kwa nini anachelewa kurudi kutoka shambani kwangu. Basi akaacha. Nikabaki na mteremko mtupu. Kumwomba mwanamume mwingine sikuthubutu, maana shamba la huku limesimama kama ukuta, watu wa mlima wa pili wanaona mpaka rangi ya shati la anayekulazia. Nikachukua nyengo ya baba yako, nikakata nyasi mwenyewe, nikalaza. Lakini nililaza kwa akili ya ziwani, kama matuta ya mihogo: mistari ya kushuka tu, bila ile ya kukatiza. Mvua kubwa ya kwanza ikapata njia. Udongo, mbegu na jasho langu vyote vikaenda mtoni. Watu wakasema Mnyasa amewajengea mvua ngazi. Mpaka leo kuna mzee mmoja akiniona anacheka peke yake.

Sikufa moyo. Nikawa nakaa juu ya jiwe, wewe umelala pajani, natazama wanaume wakilaza kwenye mlima wa pili. Nikajifunza kwa macho. Ukaacha ziwa, ukakimbia, ukaanza kuniuliza maswali, na misimu miwili ikawa mingi. Watu wakaanza kusema baba yako ni mchona, yaani ndio hao wanaopotelea huko huko. Mimi nikaendelea kulaza. Mistari yangu ikanyooka, ila inapinda kidogo kushoto. Sijui ni macho au ni mkono.

Akarudi. Wewe ulikuwa umeshaanza shule. Ulijificha nyuma ya ghala la mahindi, ukaninong'oneza, "Mama, huyu mgeni analala wapi?" Nadhani alikusikia. Hakuingia ndani. Alisimama uani na blanketi lake begani, akatazama mteremko wetu, vyumba vyake vyote vimekaa sawa, maharage yamechanua. Neno lake la kwanza kwangu baada ya miaka yote ile lilikuwa hili:

"Nani alikulazia nyasi?"

Nilikuwa nimengoja "hujambo." Nilikuwa hata nimefikiri nitaitikia namna gani. Nikamjibu, "Wengi. Walipokezana."

Unanijua ulimi wangu. Kauli ile ilitoka kama mate, na kama mate haikurudi. Hakunipiga, hakupiga kelele. Alikula, akaingia kulala. Juma lililofuata nilimwambia ukweli: nililaza mimi, kwa mikono hii. Akasema, "Mwanamke wa ziwani?" akacheka, cheko ambalo sikutaka kulisikia tena. Nami kwa kiburi nikanyamaza. Tukaishi miaka, Kosmas, tunapeana chumvi, tunaulizana habari za mbuzi, kama wasafiri wawili waliokutana kambini. Wewe ulikulia katikati ya kimya hicho. Wakati mwingine nadhani ndiyo maana ukapenda kazi ya kufunga vidonda.

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Kule alikokuwa alikuwa peke yake, na mtu aliye peke yake hujitengenezea habari za nyumbani, na habari anazojitengenezea huwa mbaya. Mimi nami nilijitengenezea za kwangu. Nilimpa wanawake wote wa Joni.

Kikohozi cha mgodini kilipomshika sawasawa, hakuweza tena kuinama. Msimu ukafika. Nikachukua nyengo, nikaenda. Naye akaja polepole, akakaa kwenye jiwe lile lile, akanitazama nalaza. Nilipofika chini aliinuka, akashuka, akasogeza mstari mmoja kwa mguu wake mpaka ukanyooka. Akasema, "Wako unapinda kushoto." Halafu akasema, "Yote ilikuwa inapinda kushoto. Niliona siku ile nilipofika, sikujua ni mkono wa nani."

Nilikaa chini katikati ya nyasi nikalia. Aliniwekea mkono kichwani. Hiyo ndiyo samahani tuliyopeana, na tulifurahi, nakuambia kweli tulifurahi, lakini ulikuwa msimu wake wa mwisho. Ile miaka mingine hakuna aliyeturudishia.

Sasa utasema, mimi si Baba. Mimi naandika barua, mimi siendi shimoni, naenda hospitali, nitamwita Melania nikishapata nyumba. Nakuamini. Na baba yako naye aliamini misimu yake miwili. Kazi ya ugenini ina namna yake ya kusema "bado kidogo," na anayeambiwa anaitikia kwa sababu ni kweli bado kidogo, kila mara.

Tena kuna jambo ambalo hukuliwaza, kwa kuwa hujawahi kuwa mgeni mahali. Hapa wewe ni Dresa. Mtoto akiungua, wanakuja mbio kwako. Kule utakuwa mtu mpya mwenye mvi. Kijana aliyekuja duniani wewe ukiwa umeshaanza kazi atakuonyesha namna ya kunawa mikono, nawe utasema ndiyo, ndiyo. Ndivyo nilivyokuwa mimi hapa, mpasuaji wa mbasa anayefundishwa jembe. Kudogoshwa si kitu, mwanangu, kunapita. Lakini inatakiwa jioni urudi mahali ambapo yupo mtu anayekujua ulivyokuwa, akuitie chakula kwa jina lako. Mimi sikuwa naye. Baba yako huko hakuwa naye. Angalia tulivyogeuka.

Na Melania anafanana na mimi, usidanganyike na upole wake. Ulimi wake ni mfupi, lakini kiburi chetu ni kimoja. Atabaki, atasifiwa, atalaza nyasi, na hatakuambia hata siku moja kwamba anaumia. Siku utakaporudi, ole wako ukiuliza swali baya uani.

Najua linalokushika ni mimi. Unasema mama atabaki na nani. Nikuambie alichonijibu bibi yako, yule mama mkwe niliyebaki kwa ajili yake. Nilimuuguza mpaka mwisho, na tulipendana. Siku moja namkanda mguu, nikamwambia kwa kujisifu kidogo kwamba nilimwacha mume aende kwa ajili yake. Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, mimi sikukuomba ubaki. Hakuna aliyeniuliza."

Kosmas, na wewe hukuniuliza.

Ungeniuliza ningekuambia hivi. Naogopa, ndiyo. Nitamkosa mkeo, anayejua chumvi yangu. Na Skola, yule mtoto mliyemsubiri hata tukachoka kusubiri! Nikifikiri mgongo wangu utakuwa mtupu, natamani nichane karatasi hii niitupe motoni na ubaki na mpango wako mzuri. Nitalia, na sitajificha. Lakini kulia kwangu si sababu ya mtoto yule kukua akiuliza mgeni analala wapi.

Sitakufa njaa. Baba yako mdogo yupo ng'ambo ya kijito, na mkewe, ambaye siku hizi tunapendana kwa kugombana, analeta mboga ya maboga kila akipika. Wanawake wa jirani nao wameshasema watakuja kunifunikia udongo kwa ngokela, ile kazi yetu ya kusaidiana. Mimi nipike togwa tu. Hata jumbe amesema nikikwama nimtumie mtu, ingawa nikimtumia mtu, yeye atamwandika kwa jina la babu yako.

Cheti chenu cha ndoa nimekitoa sandukuni, kiko juu ya kitanda chenu, chini ya shuka jeupe. Alama ya ndui Melania anayo. Ulimchanja wewe mwenyewe mkono wa kushoto kabla hata hujamposa, na watu walisema ulichukua muda mrefu mno. Bwana wa pasi akikubali, mnapanda meli pamoja. Akikataa, Melania na mtoto watalala kwa dada yangu hapo hapo Mbamba Bay na kurudi na lori, nami nitawapokea, na angalau mkeo atakuwa amejua kwamba ulimtaka. Hilo peke yake lingenitosha mimi wakati ule.

Melania sijamwambia lolote. Si mahali pangu. Umwambie wewe, leo, kwa mdomo wako, na usimwambie kana kwamba mama amekuagiza. Muulize kama anataka kwenda. Halafu ufunge mdomo usubiri jibu.

Mwandiko wangu umekuwa mbaya, utaniwia radhi. Vidole vimechanika. Nyasi zile ulizoniona nakata juma lililopita, ukadhani ni za mbuzi, hazikuwa za mbuzi. Tangu mlipoondoka jana na asubuhi yote ya leo nimekuwa kwenye mteremko wetu ulioelekea barabarani. Si wote. Kipande, cha kunitosha mwaka huu. Mgongo unanicheka, lakini kipo.

Kesho lori likikata kona ya pale juu, kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda ziwani kwetu, tazama upande wetu. Utaona vyumba vyangu, mistari inapinda kidogo kushoto. Na Melania, atakayekuwa amekaa kando yako na mtoto pajani, atashangaa akuulize nani amelaza nyasi zile. Mjibu kwamba ni mama.

Ni mimi niliyekubeba kwenye mteremko huo huo,

Mama yako.